Jinsi ya kumtaka mbunge wako aeleze mali zake: mwongozo kamili kwa mpigakura wa Arusha na Moshi

Kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Kaloleni, Arusha, hukutana kila Jumamosi jioni. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kabla ya mtu kununua hata hisa moja, mweka hazina anasoma kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa, faini ni kiasi gani. Mama muuza ndizi asiyejua kusoma naye anamsikiliza, na akisikia hesabu ya leo haifanani na ya wiki iliyopita ananyoosha mkono. Mweka hazina haoni ametukanwa. Anafungua daftari na kueleza.

Kutoka hapo hadi Mnara wa Mwenge ni mwendo mfupi kwa miguu. Karibu na mnara lipo Makumbusho ya Azimio la Arusha, katika jengo ambamo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikaa Januari 1967. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo, na ndani yake mlikuwa na miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwiko ulimgusa yeye na mwenzi wake wa ndoa. Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa. Kiongozi wa leo anaruhusiwa kuwa na hoteli, mabasi na viwanja vitano Njiro. Kwa hiyo kitu kimoja tu kimebaki mikononi mwetu, nacho ni kujua anavyo nini, alivipata lini, na vinakutana wapi na maamuzi anayofanya kwa niaba yetu.

Nimefuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa. Nimeandika barua, nimerudishwa kwenye meza za watu, nimejifunza mlango upi unafunguka na upi umefungwa. Haya hapa chini ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya.

Kwanza, jua anachodaiwa na sheria tayari

Watu wengi huanza kwa kulalamika kwamba viongozi wetu hawatakiwi kutaja mali. Wanatakiwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi wa umma apeleke tamko la maandishi kwa Kamishna wa Maadili katika nyakati tatu: ndani ya siku 30 baada ya kupata wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka madarakani. Tamko linahusu mali na madeni yake, ya mwenzi wake wa ndoa, na ya watoto wao walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Orodha ya wanaohusika inaanza na Rais mwenyewe, inapita kwa Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika, mawaziri na wabunge, na inashuka mpaka kwa diwani wako.

Mbunge ana deni la ziada. Ibara ya 70 ya Katiba inamtaka apeleke kwa Spika taarifa rasmi ya mali yake na ya mwenzi wake, nakala mbili. Ibara ya 71 inasema asipotoa tamko hilo anakoma kuwa mbunge. Soma ibara hizo mbili mwenyewe. Katiba inapatikana kwa Kiswahili, na nakala yake ya kuchapa ni ya bei ya kawaida. Siku utakaposimama mbele ya mbunge, kutaja namba ya ibara bila kubabaika kutabadilisha jinsi atakavyokujibu. Nimeshuhudia hivyo zaidi ya mara moja.

Anayesimamia matamko ni Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, iliyotajwa katika Ibara ya 132 ya Katiba. Ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini ipo hapa Arusha. Mtu wa Moshi, Same au Rombo hana haja ya kupanda basi la Dodoma.

Mlango uliofungwa, na ule ulioachwa wazi

Matamko yakishafika kwa Kamishna yanaingia kwenye rejista. Sheria inasema mwananchi anaweza kuikagua, lakini kanuni zimeweka masharti: uwe umewasilisha malalamiko dhidi ya kiongozi husika, Kamishna aridhike kwamba malalamiko yako ni ya kweli na ya nia njema, kwamba kukagua kunahusiana nayo, na ulipe ada. Na ulichokiona humo si cha kutangaza. Mtu anayetaka tu kujua mbunge wake anamiliki nini, bila kuwa na shutuma yoyote, hana njia. Hapo ndipo wengi walipokata tamaa, na nawaelewa.

Lakini tazama jambo hili vizuri. Sheria inambana Kamishna na inambana mkaguzi wa rejista. Haimkatazi kiongozi kusema mali zake mwenyewe kwa kinywa chake. Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu mwaka 1995 alitangaza mali zake hadharani, na hakuvunja sheria yoyote. Kama Rais aliweza, mbunge wa Arusha Mjini, Moshi Mjini, Vunjo, Hai au Arumeru anaweza.

Kwa hiyo usipoteze miezi kugonga rejista. Peleka ombi lako kwa mwenye mali: awaeleze wapigakura wake kwa hiari kile ambacho tayari amemwambia Kamishna. Akikubali, mmepata. Akikataa, mmepata pia, kwa sababu kukataa kwake kutakuwa kwa maandishi, na kampeni zitakuja.

Andaa karatasi ya ukurasa mmoja

Kosa tulilofanya mwanzo ni kumwomba kiongozi "aweke mali zake wazi" na kuishia hapo. Ombi la namna hiyo linajibiwa kwa hotuba: mimi nimelelewa na maisha magumu, sina kitu, mali yangu ni nyinyi wananchi. Watu wanapiga makofi, mkutano unafungwa. Mpe fomu ambayo ina nafasi za kujaza. Yetu ina haya:

1. Nyumba, viwanja na mashamba: idadi, wilaya vilipo, na mwaka vilipopatikana.
2. Kampuni, hoteli, shule, vituo vya mafuta au magari ya biashara ambayo yeye, mwenzi wake au watoto wake wadogo wana sehemu.
3. Vyanzo vya kipato nje ya mshahara na posho za ubunge.
4. Madeni makubwa, na ni benki, kampuni au mtu gani anayemdai.
5. Zabuni au mikataba yoyote kati ya biashara hizo na serikali, halmashauri au shirika la umma.
6. Michango ya kampeni yake ilitoka kwa nani.

Kipengele cha nne na cha tano ndivyo vyenye uzito kuliko vyote, ingawa watu hupenda kukimbilia cha kwanza. Ghorofa inaonekana kwa macho, kila mtu mtaani anaijua. Deni halionekani. Mbunge anayedaiwa na mfanyabiashara mmoja mamilioni ya shilingi amefungwa kamba, na siku hoja ya mfanyabiashara huyo inapoingia bungeni hatujui kamba inavutwa kutoka wapi. Hali kadhalika kampuni ya mke au mume iliyoshinda zabuni ya barabara ya jimboni. Si lazima kuwe na wizi. Lakini kwenye kikoba mtu mwenye mkopo haruhusiwi kuwa yeye ndiye anayejadili riba ya mkopo wake mwenyewe, na kila mtu anaona hilo ni la haki.

Usiweke kwenye fomu namba za akaunti, namba za hati, mahali hasa anapolala na familia yake, wala majina ya watoto. Hayo hayatusaidii na yanaweza kumletea hatari. Ukiyaacha nje, unamnyang'anya pia ile sababu ya kwanza atakayoitoa ya kukataa.

Kumbuka pia kwamba vitu ambavyo si vya kibiashara, kama nyumba anayoishi na vyombo vya ndani, sheria haimlazimishi kuvitamka. Ukimshutumu kwa kutotaja nyumba anayoishi, utakuwa umekosea wewe.

Barua

Iandikwe na kikundi. Kikoba, AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya kahawa, umoja wa bodaboda wa kituo, jumuiya ya kanisa au msikiti, chama cha wazazi wa shule. Barua ya mtu mmoja inawekwa pembeni, barua yenye majina na sahihi za watu 40 wenye kadi za mpigakura inasomwa. Upande wa Kilimanjaro mna bahati. Chama cha ushirika wa kahawa cha KNCU kimekuwepo tangu miaka ya 1930, na mzee wa Kibosho au Machame amezoea tangu ujana wake kukaa kwenye mkutano mkuu na kudai kusomewa mapato na matumizi. Watafute wazee hao. Sahihi ya babu aliyewahi kumwangusha mwenyekiti wa chama cha msingi kwa sababu ya hesabu za kahawa ina uzito wake.

Iwe fupi. Sisi tuliandika hivi:

*Mheshimiwa Mbunge,*

*YAH: OMBI LA MUHTASARI WA MALI, MADENI NA MASLAHI*

*Sisi wapigakura wa kata ya ........, ambao majina na sahihi zetu zimeambatanishwa, tunakusalimu na kukupongeza kwa kazi. Tunafahamu kwamba kwa mujibu wa Ibara ya 70 ya Katiba na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 unawasilisha tamko la mali na madeni. Hatuombi nakala ya tamko hilo. Tunakuomba utujulishe sisi wapigakura wako, kwa hiari yako, muhtasari wake kwa kujaza karatasi ya ukurasa mmoja tuliyoiambatanisha. Hatuna tuhuma yoyote dhidi yako. Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na tuko tayari kukualika uyaeleze katika kikao chetu.*

Sentensi ya "hatuna tuhuma" msiitoe, hata kama kuna mwenzenu mwenye hasira anayetaka iondolewe. Kama mnayo tuhuma, hiyo ina njia yake, nitaieleza chini.

Toeni nakala tatu. Moja ipelekwe ofisi ya mbunge jimboni, moja ofisi yake ya Bunge, Dodoma, kwa posta ya rejista. Ya tatu ni yenu, na hiyo lazima igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Niliwahi kurudishwa mara tatu na ofisi moja, kila mara nikiambiwa mwenye muhuri hayupo. Mara ya nne nilikwenda na wenzangu wanane, tukakaa kwenye benchi kimya mpaka saa nane mchana. Muhuri ukapatikana. Kama hawagongi kabisa, mpokeaji aandike jina lake, tarehe na sahihi kwenye daftari lenu la kusambazia barua. Bila ushahidi huo, baada ya mwezi mtaambiwa barua haijawahi kufika.

Swali kwenye mkutano wa hadhara

Siku 30 zikipita kimya, subirini ziara ya mbunge. Hapa maneno yana kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msiulize: "Mheshimiwa, lile ghorofa umelijenga kwa hela gani?" Ni swali linaloumiza, wafuasi wake watazomea, mwenyekiti atakunyang'anya kipaza sauti, na siku inayofuata utaitwa mtu wa chama pinzani. Ulizeni hivi: "Mheshimiwa, tarehe 4 Februari tulileta ofisini kwako barua yenye sahihi 40, hii hapa ina muhuri. Tuliomba ujaze karatasi ya ukurasa mmoja. Utatujibu lini?" Kisha kaa chini. Swali la tarehe linajibika kwa tarehe tu. Akianza historia ya maisha yake, mwenzako wa pili anyooshe mkono na kusema kwa heshima: "Tunashukuru. Tarehe ni ipi?"

Pangeni wawili au watatu kabla, wakae sehemu tofauti, mmoja awe mama mtu mzima anayeheshimika. Sauti isipande. Jibu atakalolitoa liandikwe pale pale neno kwa neno, lisomwe kwenye kikao kijacho cha kikundi.

Fedha za umma zinazopita mikononi mwake

Wakati mnasubiri, kuna fedha ambazo hamhitaji hiari ya mtu kuzijua. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Madawati, mabati na saruji mnazoona zikikabidhiwa kwa picha na vigelegele mara nyingi zimetoka humo. Si mfukoni mwake.

Tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016. Andikeni kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi au halmashauri yenu, mkiomba orodha ya miradi ya mfuko wa jimbo kwa mwaka fulani wa fedha, kiasi cha kila mradi, na mihtasari ya vikao vya kamati vilivyoipitisha. Anayeomba awe raia, ataje jina na anwani. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Ikikataa, ombeni mkuu wa taasisi apitie uamuzi, na baada ya hapo kuna rufaa kwa Waziri. Msiombe tamko la mali la kiongozi kwa njia hii, mtaambiwa ni faragha na mtakuwa mmechoma siku 30 bure. Na mkipata taarifa, msiongeze wala msipunguze neno, kwa sababu kuipotosha ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo.

Kisha kuna ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Kwa Ibara ya 143 ya Katiba anaipeleka kwa Rais, nayo inapaswa kufika bungeni. Kwa kawaida Rais hukabidhiwa mwishoni mwa Machi na wananchi tunaisoma Aprili. Ipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Usijaribu kuisoma yote. Tafuta jina la halmashauri yako, soma kurasa hizo, kisha tafuta vyama vya siasa, maana navyo hukaguliwa kwa sababu vinapata ruzuku ya kodi zetu.

Kama kuna tuhuma kweli

Hapa ndipo mnapoacha hiari na kuingia kwenye sheria. Malalamiko dhidi ya kiongozi hupelekwa kwa Kamishna wa Maadili. Yaandikwe matukio: nini, wapi, lini, nani aliona, hati gani ipo. "Ametajirika haraka" si tukio. "Kampuni ambayo mwenzi wake ni mkurugenzi ilipewa zabuni ya halmashauri mwezi fulani, na yeye alikaa kwenye kikao kilichoipitisha" ni tukio. Sekretarieti ikichunguza na kuona kuna hoja, jambo linaweza kufika kwenye Baraza la Maadili. Mwaka 2015 viongozi waliopokea fedha zilizohusishwa na akaunti ya Tegeta Escrow walihojiwa na Baraza hilo hadharani, wananchi wakisikiliza.

Taarifa za kampuni zinapatikana BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni na biashara, kwa kulipia utafutaji rasmi. Za ardhi zinapatikana ofisi ya msajili wa hati, ila lazima uwe na namba ya hati au kiwanja; huwezi kwenda na jina la mtu ukaomba kila anachomiliki. Kwenye ardhi ya kijiji, uliza ofisi ya kijiji.

Kama kiongozi ana mali zisizolingana na kipato chake, hilo ni suala la TAKUKURU, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinahusu jambo hilo hasa. Ofisi za mkoa zipo Arusha na Moshi, na simu ya bure ni 113. Kuna pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Hata hivyo nakusihi, usiwe wa kwanza kujitangaza kuwa wewe ndiye mtoa taarifa. Mwambie anayechukua maelezo yako kwamba unataka jina lako lilindwe, kisha nyamaza, hata kwa ndugu.

Na kwenye simu: usirushe kwenye makundi ya WhatsApp picha ya nyumba ya mtu yenye maneno ya kumtuhumu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa mambo ya watu binafsi. Nimeona kijana mzuri, mwenye hoja ya kweli, akitumia mwaka mzima kujitetea kwa sababu ya ujumbe mmoja alioutuma usiku akiwa na hasira. Hoja yake ikafa.

Kuhusu kubadilisha sheria yenyewe

Masharti ya rejista yanaweza kuondolewa. Rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2013 ilikuwa na sura nzima ya maadili na miiko ya uongozi, kwa hiyo wazo hili si geni. Na Afrika yetu imeshakubaliana: Mkataba wa Umoja wa Afrika wa Kuzuia na Kupambana na Rushwa wa 2003, Ibara ya 7, unazitaka nchi ziwafanye watumishi wa umma watangaze mali wanapoingia, wakiwa kazini na baada ya kuondoka. Bodi ya Umoja wa Afrika inayofuatilia mkataba huo ina makao yake hapa hapa Arusha. Muswada wa maadili ukipelekwa bungeni, kamati husika huita maoni ya wadau. Kikundi chenu nacho ni mdau. Pelekeni ukurasa mmoja.

Kalenda ya mwaka

Tarehe 31 Desemba ndiyo mwisho wa viongozi kuwasilisha tamko la mwaka. Andikeni barua Januari, wakati karatasi bado ziko mezani kwake na hawezi kusema hakumbuki. Februari fuatilieni. Aprili someni ripoti ya CAG. Mei na Juni ni Bunge la bajeti, mbunge yuko Dodoma, tumieni muda huo kuomba taarifa za mfuko wa jimbo. Julai hadi Oktoba ziara za jimboni huongezeka, ulizeni hadharani.

Karatasi iliyojazwa ikirudi, isomeni yote kwenye kikao, kipengele kwa kipengele, kama mnavyosoma hesabu za sanduku. Msimzomee kwa kuwa na mali. Aliyefungua daftari anastahili shukrani, na barua ya shukrani iandikwe siku hiyo hiyo. Nakala iingie ndani ya sanduku, chini ya kufuli tatu. Januari inayofuata mtampelekea nyingine tupu, na mtaziweka mbili hizo mezani bega kwa bega.